Leseni ya Daktari Bado

Fundi cherehani wa kona ndiye aliyempa jina hilo. Kila asubuhi binti huyo alipopita mbele ya kibaraza chake, fundi aliinua macho kutoka kwenye mshono na kumuuliza, "Daktari, leseni imetoka?" Naye alijibu neno moja tu, "Bado." Wiki zikawa miezi, miezi ikagota mwaka, na siku moja fundi akaacha kuuliza. Akasema tu, "Habari za asubuhi, Daktari Bado." Watu waliokaa pale wakacheka, na yeye akacheka, maana angefanya nini? Jioni muuza vocha naye akamwita hivyo hivyo. Haukupita mwezi, mtaa mzima ukawa umesahau jina alilopewa na wazazi wake.

Bado alikuwa daktari wa meno. Hilo kichwani mwake halikuwa na ubishi, na mikononi mwake ndiyo kabisa. Aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na tisa kwenda kusoma nje ya nchi, akajifunza lugha ya watu mwaka mzima kabla ya kufungua kitabu cha kwanza cha udaktari, akasoma miaka mitano, kisha akafanya kazi mwaka mmoja katika hospitali ambayo wagonjwa wake walipanga foleni kabla jua halijachomoza. Alikuwa ameng'oa magego makaidi, ameziba mashimo asiyojua idadi yake, ameshona fizi za watu walioanguka na baiskeli. Na yote hayo aliyafanya kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa alizaliwa mashoto. Kule hakuna aliyemsumbua kwa hilo. Walikuwa na viti viwili vilivyopangwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Aliporudi, alikuta sheria iko wazi: aliyesomea nje haruhusiwi kumgusa mgonjwa mpaka Baraza la Madaktari wa Meno likague vyeti vyake, limpe mtihani, ndipo limpe leseni. Bado hakuwa na neno na sheria hiyo.

"Hata mimi nisingependa mtu yeyote tu aniingizie sindano mdomoni," alimwambia mama yake. Aliona ni jambo la miezi minne, ikizidi sana mitano.

Ofisi ya Baraza ilikuwa ghorofa ya pili, ngazi zake zimeliwa katikati kwa nyayo za watu. Kulikuwa na madirisha matano, na lililofunguliwa lilikuwa moja, dirisha namba tatu. Nyuma ya kioo alikaa karani mtu mzima, miwani yake imeshikizwa kwa uzi mweusi, mpole ajabu, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti wala kummalizia mtu shida yake. Upole huo ndio uliomchoma Bado. Mtu akikugombeza, nawe unaweza kumgombeza. Lakini utamfanya nini mtu anayekukatalia huku akikuita mwanangu?

"Mwanangu," karani alisema siku ya kwanza, kidole chake kikiteleza juu ya tafsiri ya matokeo ya chuo, "hapa pana tatizo. 'Tiba ya mizizi, saa mia moja na themanini.' Sisi hapa hatusajili waganga wa mitishamba. Hao ofisi yao iko ng'ambo ya barabara."

Bado alidhani ni utani. Akamngoja acheke. Karani hakucheka.

"Mzee wangu, hiyo ni mizizi ya meno. Jino lina mizizi. Tunausafisha mzizi kwa ndani, kisha tunauziba."

"Nimekuelewa. Lakini aliyetafsiri hakuandika meno, kaandika mizizi. Wakubwa wakisoma wataelewa nini?"

"Wakubwa si ni madaktari wa meno?"

"Ndiyo. Ila kabla haijafika kwao, inapita kwangu."

Mfasiri aliyeidhinishwa alikuwa mmoja tu kwa lugha ile, na alikuwa safarini. Kuongeza maneno mawili, "ya meno", kulichukua wiki tano.

Likaja la barua. Baraza lilitaka barua iliyofungwa, itoke chuoni moja kwa moja, ikithibitisha kwamba cheti ni cha kweli. Bado akaandika, akapiga simu, akaomba. Barua ikafika. Kumbe mwaka aliomaliza yeye, chuo chake kiliunganishwa na kingine na kubadilishwa jina.

"Aliyekupa cheti ni mwingine, aliyeandika barua ni mwingine," karani alisema kwa huzuni, kana kwamba msiba ni wa wote wawili.

"Ni chuo kilekile, mzee. Majengo ni yaleyale. Hata mlinzi wa getini ni yuleyule."

"Basi lete barua kwamba ni kilekile."

"Itoke wapi?"

"Chuoni kwako."

"Na itapigwa muhuri upi? Wa zamani haupo. Na huu mpya ndio mnaoukataa."

Karani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akafikiri kwa dhati kabisa. "Hilo," akasema, "mtajua wenyewe huko."

Bado alishuka ngazi zile akihesabu vidato ili asipige kelele. Barua ya pili ilipopatikana, na mihuri yote miwili ikiwa chini yake, ule wa zamani umefukuliwa stoo, mtihani wa mwaka ule ulikuwa umepita kwa siku tisa. Mtihani wenyewe hufanywa mara moja kwa mwaka.

Baba yake, mpima ardhi mstaafu, mtu aliyeamini kuwa kila kitu duniani kina mpaka na kila mpaka una jiwe lake, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Subira huvuta heri, mwanangu."

"Baba, hii subira yangu imevuta mpaka kamba imekatika."

Asikae bure, akaomba kazi katika kliniki ya meno iliyokuwa juu ya duka la rangi. Mwenye kliniki, daktari wa makamo aliyezoea kuongea huku akinawa mikono, alimpokea kama msaidizi. Kazi yake: kuita wagonjwa, kuchemsha vyombo, kushika bomba la kunyonya mate. Hakutakiwa kugusa jino. Basi Bado akawa anasimama kando ya kiti kutwa nzima, bomba mkononi, akitazama watu wengine wakifanya kazi aliyoijua, wengine vizuri, wengine hivihivi. Alijifunza kuuma ulimi. Jioni taya zake mwenyewe zilikuwa zinauma kwa kukazwa.

Mwaka wa pili akaitwa kwenye mtihani. Karatasi ya maelekezo ilisema kila mtahiniwa aje na meno halisi kumi yaliyong'olewa, yenye mizizi mizima, yasiyo na ufa. Bado aliyakusanya kliniki moja moja kwa miezi miwili, akawa anayahifadhi nyumbani ndani ya maji. Siku moja mama yake alifungua jokofu akitafuta maji ya kunywa, akakutana na magego yamejipanga ndani ya chupa ya jemu.

"Wewe mtoto! Niondolee hawa watu kwenye jokofu langu!"

"Si watu, mama. Ni meno."

"Yalikuwa kwa nani kama si kwa watu?"

Mtihani wa kuandika alifaulu vizuri. Wa vitendo ulifanyika katika ukumbi wa chuo kimoja, viti vimepangwa safu mbili, kila kimoja na kichwa cha plastiki kilichofungwa taya za kupachikia yale meno. Alipofika kwenye kiti chake, akaliona tatizo mara moja. Taa, bomba la maji, mashine ya kuchimbia, vyote vilikuwa kulia. Akamwendea msimamizi.

"Samahani, mimi ni mashoto. Naomba nisogeze meza hii iwe upande wa pili."

"Viti havisogezwi. Mtihani lazima uwe sawa kwa wote."

"Kwa anayetumia kushoto hauko sawa."

"Dada, kiti ni hicho. Ukitaka, kaa. Hutaki, sogea wengine wafanye."

Akakaa. Bomba likawa linampita kifuani kama mkanda, likimvuta mkono kila alipoinama. Mashimo manne alichimba na kuziba vizuri. La tano, la upande wa ndani wa gego, lilibaki na mwanya mwembamba kama unywele. Matokeo yalipobandikwa, alikuwa amepungukiwa alama tatu.

Akaandika rufaa, kurasa mbili, kwa adabu zote. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, sentensi moja: Baraza halina utaratibu wowote kuhusu watahiniwa wanaotumia mkono wa kushoto. Bado aliisoma amesimama jikoni, akairudia, kisha akaikunja mara nyingi hadi ikawa ndogo kama kidonge. Mama alimtazama. Akamsogezea kiti tu.

Tangu hapo, muda wa chakula cha mchana kliniki ilipotulia, alikaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, bomba likimpita kifuani makusudi, akichimba meno yaliyong'olewa aliyoyagandisha kwenye plasta, ule unga mweupe unaokauka kama saruji. Alichukia kila dakika. Ilikuwa kama kujifunza kutembea upya kwa sababu mtu fulani amejenga ngazi vibaya. Lakini mkono ukaanza kuzoea.

Ndipo lilipotokea la baba.

Jumapili moja mezani, Bado alimwona baba yake akitafuna upande mmoja tu. Akamtazama vizuri: shavu la kushoto lilikuwa limeumuka, ngozi imevutika inang'aa.

"Baba, tangu lini?"

"Kitu kidogo tu."

"Baba. Tangu lini?"

Mama ndiye aliyejibu, kwa hasira ya mtu aliyechoka kutunza siri. "Tangu mwaka jana! Anaamka, anasukutua maji ya chumvi, ananiambia ninyamaze. Anasema ana binti daktari wa meno, haendi kufunguliwa mdomo na mtu baki. Anakungoja wewe."

Bado akasukuma sahani kando. Mwaka mzima baba yake alikuwa amekaa na jino linalooza, akiingoja leseni kama watu wanavyongoja mvua. Akamwambia afungue mdomo. Gego moja lilikuwa na shimo jeusi linaloonekana hata kwa asiyesoma, lakini halikuwa na kina. Nyuma yake kulikuwa na jingine, limezibwa zamani, kwa juu linaonekana zima. Akachukua kijiko, akagonga la kwanza kwa mpini. Baba akatulia. Akagonga la nyuma. Baba nusura aondoke na meza.

"Ni hilo," Bado alisema. "Usaha uko chini ya hilo."

"Basi litoe. Vyombo si unavyo kazini?"

"Siwezi, baba."

"Hujui?"

"Najua. Sina leseni. Nikikutwa, leseni sipewi maisha."

Baba aliufunga mdomo taratibu. Kisha akaendelea kula kwa upande mmoja.

Kesho yake akampeleka kliniki. Mwenye kliniki hakuwepo. Aliyekuwepo ni daktari wa kuajiriwa, kijana aliyepata leseni mwaka uliopita, ambaye wagonjwa walimwita Chapchap kwa wepesi wa mkono. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na foleni ya watu kumi na wanne na imani kubwa na macho yake.

"Shikamoo, mzee. Aha, shimo hili hapa, naliona. Tunalitoa."

"Daktari," Bado alisema, bomba mkononi, "nafikiri tatizo ni la nyuma yake. Tupige picha kwanza."

"Picha ya nini? Shimo si hili linaonekana?"

"Hilo halina kina. La nyuma ukiligonga ndilo linalouma. Naomba uligonge tu."

Chapchap alimgeukia. Hakupandisha sauti. "Dada, shika bomba."

Akalishika. Akamtazama akichoma ganzi, akamtazama akishika koleo, akasikia ule mlio mdogo wa jino kuachana na mfupa. Jino likatoka. Mizizi yake miwili ilikuwa myeupe na safi, haina hata doa. Chapchap aliiona. Bado aliona kwamba ameiona. Bomba likaendelea kunyonya damu. Kisha Chapchap, bila kumtazama mtu, akagonga jino la nyuma, na ingawa kwa ganzi baba hakuhisi maumivu, usaha ukatiririka pembeni ya fizi.

"Na hili pia," akasema chini chini, akaling'oa.

Mgonjwa alipotoka, Chapchap aliandika kwenye faili: magego mawili yaliyooza, yameng'olewa. Akamsogezea Bado kalamu. Pale kliniki msaidizi naye husaini.

"Sisaini," Bado alisema.

"Yote mawili yalikuwa mabovu."

"Moja lilikuwa la kuziba, dakika ishirini tu. Ningeliziba mimi ningekuwa na hicho kikaratasi ulichonacho wewe."

Sauti yake ilikuwa imetoka nje ya mlango. Waliokuwa kwenye mabenchi waliacha kuongea.

Nyumbani, baba alikaa kimya hadi pamba zilipotoka. Bado alikuwa amejiandaa kumsikia akilaumu. Badala yake akasema, kwa mdomo uliopinda, "Ulimwambia. Nilikusikia. Ganzi ilikuwa ya mdomo, haikuwa ya masikio." Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, na kwa wiki nzima hakumtania mtu.

Mwenye kliniki aliporudi, Bado alimweleza yote. Aliendelea kunawa mikono muda mrefu kuliko kawaida.

"Ukilipeleka Barazani, watauliza na wewe ulikuwa unafanya nini na kijiko mdomoni mwa mgonjwa."

"Ni baba yangu."

"Watauliza tu." Akajifuta. "Faili nitalirekebisha mimi na nitasaini mimi. Kijana nitamsema. Lakini siwezi kuwa na watu wawili wanaogombana juu ya mgonjwa. Kuanzia kesho utakaa mapokezi."

Kwa hiyo aliyesema kweli ndiye aliyehamishwa. Bado aliyakubali hayo bila ugomvi, kwa kuwa Baraza lilitaka barua ya mwenendo mwema kutoka kwa mwajiri, na barua hiyo aliishika mtu huyo huyo. Akakaa mapokezi, akaandika majina ya watu kwenye daftari, na kila akisikia mashine ikinguruma ndani, vidole vyake vya kushoto vilikunjika vyenyewe. Siku moja Chapchap alisimama mbele ya meza yake akiwa ameshika kikombe cha chai.

"Dada, lile jino..." alianza. Akaishia hapo. Akaiweka chai mezani, akaondoka. Bado hakuinywa. Ilipopoa akaimwaga.

Katika mtihani wa mwaka wa tatu viti vilikuwa vilevile, safu mbili, kila kitu kulia. Msimamizi alimtambua. "Leo hulalamiki?" Bado akavaa glavu. Alipiga kazi akiwa na hasira baridi, iliyotulia, bomba limempita kifuani, na alipomaliza alikuwa na dakika kumi na moja za ziada. Alifaulu. Alipoliona jina lake ubaoni hakuruka wala hakulia. Alihisi kama mtu aliyesukuma mlango miaka mitatu, halafu mtu wa ndani akamwambia ulikuwa wa kuvuta.

Leseni ilitoka baada ya wiki kumi, nayo ilikuwa ya muda: mwaka mmoja chini ya uangalizi, ndipo apewe kamili. Na jina la baba yake lilikuwa limekosewa herufi moja.

"Mwanangu, pole," karani alisema, na alionekana kweli anasikitika. "Kuna fomu ya marekebisho. Wiki sita."

"Herufi hii mmeikosea ninyi."

"Ndiyo. Ila fomu unajaza wewe."

Akaijaza pale pale, amesimama, kwa mkono wa kushoto, akibonyeza kalamu hadi karatasi ya chini ikachorwa. Mwenye kliniki alikubali kumsimamia kwa kutumia stakabadhi ya fomu, na Jumatatu ile akamrudisha ndani, kwenye kiti cha dirishani. Bado alisogeza meza ya vyombo kuipeleka kushoto. Hakuomba ruhusa ya mtu.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mlinzi wa benki, bado amevaa sare. Alimtazama Bado, kisha akachungulia nyuma yake.

"Daktari yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Wewe si ndiye wa pale mbele, wa kuandika majina?"

"Ndiye."

Mlinzi alifikiri kidogo, akaangalia mlango, akaangalia kiti. "Na unajua?"

Bado alikuwa na majibu mengi kwa swali hilo, mengine ya miaka mitatu na miezi miwili. Akamwambia alaze kichwa. Akagonga jino moja moja mpaka akapata linalouma, akapiga picha, akachoma ganzi, akachimba, akaziba. Ilimchukua dakika thelathini na tano. Mlinzi akauma, akasaga meno, akauma tena, akasema liko sawa, akavaa kofia yake akatoka.

Bado alibaki amekaa. Alikuwa akikitazama kiti kitupu. Hakuwa na furaha, au kama ilikuwepo, ilikuwa chini kabisa ya kitu kingine. Alikuwa akiwaza kwamba kazi hii ya dakika thelathini na tano angeweza kuifanya vilevile siku ile ya kwanza aliyopanda ngazi za Baraza, na kwamba baba yake angekuwa bado anatafuna pande zote mbili. Hakuna fomu ya kudai hilo.

Akavua glavu, akanawa mikono, akafungua mlango na kuita anayefuata.